Saikolojia Huanzia Kidato cha Nne: Mada kwa Wanafunzi na Walimu wa Unasihi

Wanafunzi wa kidato cha nne wanapojaza Selform, hawakosekani wanaotaka kuwa wanasaikolojia. Wakiulizwa sababu, wengi hueleza kwamba wenzao huwaletea siri zao, na wao ni wepesi wa kusikiliza na wagumu wa kutangaza. Ni sifa njema. Ila sifa hiyo wanayo pia makungwi, masheikh, mapadri na shangazi wa kila ukoo, na hakuna chuo kilichowapa shahada kwa sababu hiyo. Kinachomtofautisha mwanasaikolojia ni namna anavyopata ushahidi.

Mfano mmoja mkubwa uko hapa hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1954 Mary Ainsworth, mtafiti aliyesomea Kanada, alifika Kampala akimfuata mumewe aliyepata kazi kwenye taasisi ya utafiti wa jamii. Badala ya kukaa nyumbani, alitafuta familia 26 za vijijini zenye watoto wachanga, akazitembelea kila baada ya wiki mbili, saa mbili kila mara, kwa muda uliofika miezi 9. Alikaa sebuleni na mkalimani wake, akaandika: mtoto analia lini, anamfuata nani, mama akitoka inakuwaje. Aligundua kwamba watoto waliotulia zaidi walikuwa wa akina mama walioweza kueleza tabia za watoto wao kwa undani. Kitabu chake kuhusu watoto wa Uganda kilitoka 1967, na hadi leo mwanafunzi wa saikolojia popote duniani hukutana na nadharia ya mshikamano wa mama na mtoto iliyojengwa kwa sehemu kubwa juu ya madaftari yale. Nadharia hiyo ilizaliwa na uvumilivu wa kutazama na kuandika jambo lile lile mara nyingi.

Mfano wa pili unauma kidogo, hasa kwa walimu. Karibu na Kisumu, katika eneo la Usenge, watafiti akiwemo Robert Sternberg wa Marekani na Frederick Okatcha wa Chuo Kikuu cha Kenyatta waliwapima watoto 85 wenye umri wa miaka 12 hadi 15. Waliwapa mitihani ya kawaida ya akili na msamiati, kisha wakawapa mtihani wa dawa za mitishamba: mti huu unatibu nini, unatumiwaje. Matokeo yaliyochapishwa 2001 yalionyesha kwamba waliojua dawa zaidi walielekea kupata alama za chini kwenye msamiati wa Kiingereza. Watafiti walieleza kuwa familia nyingine huweka nguvu kwenye shule na nyingine kwenye maarifa ya nyumbani. Mtoto anayeitwa mzito darasani huenda ndiye anayejua dawa ya homa ya mdogo wake. Kijana anayeusoma utafiti huo na kujiuliza mtihani wa shule yake unapima nini hasa, ameshaingia katika somo.

Sasa, uhusiano ule wa dawa na msamiati haukuonekana kwa macho. Ulionekana kwa takwimu.

Hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Kijana hukimbilia HGL au HKL ili aachane na hisabati, halafu chuoni anakuta kozi za takwimu na mbinu za utafiti zikimsubiri mwaka hadi mwaka. Tahasusi za sanaa zina faida yake: mwanasaikolojia asiyeandika vizuri ni hasara kwa wateja wake. Lakini maoni ya mada hii ni kwamba anayeweza kuchukua tahasusi yenye Biolojia, au walau yenye hisabati tumizi ile inayoitwa BAM, kama HGE na CBG, asiiache kwa uvivu. Tangu Machi 2024, serikali ilipotangaza tahasusi mpya 49 na kufanya jumla kuwa 65, uwanja wa kuchagua umepanuka, na kwa hiyo uwanja wa kukosea nao umepanuka.

Jambo jingine ni ngazi yenyewe. Shahada ya kwanza pekee haimfanyi mtu kuwa mtaalamu wa saikolojia tiba; kazi hiyo hudai shahada ya uzamili, kama ile inayotolewa na MUHAS. Tena kuna shahada za ualimu zenye saikolojia ndani yake, ambazo ni nzuri kwa anayetaka shule, lakini humshangaza aliyedhani atavaa koti jeupe. Anayetaka kuandika dawa hatafuti saikolojia hata kidogo. Huyo ni daktari wa magonjwa ya akili: PCB, miaka 5 ya udaktari, mwaka 1 wa utarajali, kisha miaka 3 ya ubingwa. Na anayevutiwa na familia zilizovunjika au watoto wa mitaani aiangalie pia Taasisi ya Ustawi wa Jamii iliyopo Kijitonyama, Dar es Salaam, iliyoanzishwa 1973.

Kazi zipo wapi? Hospitali ya Mirembe, Dodoma, inahudumia wagonjwa wa akili tangu 1927. Kliniki ya methadone ya Muhimbili ilianza 2011, na dawa ile huendana na unasihi ili mgonjwa asirudi kwenye heroini. Zanzibar kuna soba hausi, yaani nyumba za kuwasaidia wanaoacha dawa za kulevya. Nje ya tiba kuna ofisi za rasilimali watu, mahakama za watoto na timu za michezo. Atakayevuka mpaka kwenda Kenya ajue kwamba huko kuna sheria ya wanasihi na wanasaikolojia ya mwaka 2014 inayotaka mtaalamu asajiliwe na bodi.

Walimu wa unasihi wanaweza kusaidia bila bajeti. Mpe kijana daftari, ahesabu kwa wiki mbili ni nani hunyoosha mkono darasani na ni nani huulizwa na mwalimu, bila kuandika jina la mtu. Akichoka siku ya nne, hiyo nayo ni taarifa. Siri ya mwenzake abaki nayo, isipokuwa mwenzake anapotaja kujidhuru au anapoumizwa na mtu. Hapo amfikishie mwalimu mara moja.

Kigezo cha chini cha kuingia shahada ya kwanza kwa wahitimu wa kidato cha sita ni kufaulu masomo mawili kwa jumla ya pointi zisizopungua 4.0, A ikihesabiwa 5 na E ikihesabiwa 1. Lakini kila programu huongeza masharti yake, na masharti hayo yamo katika kitabu cha mwongozo ambacho Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) hukitoa kila mwaka. Mwanafunzi akisome kabla ya kujaza Selform, pamoja na mzazi wake.