Gamba la kobe si jiwe

Ndugu msikilizaji, ukimwuliza mkazi yeyote wa mjini ni mnyama gani asiyehitaji matunzo, hatachelewa kukujibu: kobe. Habweki usiku, hapandi kitandani, hadai nyama ya bucha. Ndiyo maana kobe hukutwa katika nyua za mijini, na hata katika nyumba za ghorofa, akiwa zawadi ya watoto. Mazungumzo yangu ya leo yanamhusu kobe huyo, na hasa lile gamba lake ambalo wengi wetu tunalichukulia kama jiwe alilobebeshwa mgongoni.

Si jiwe. Gamba la kobe ni mfupa ulio hai. Mbavu zake na uti wa mgongo vimeungana nalo, kwa hiyo hawezi kulivua kama vile wewe usivyoweza kukivua kifua chako. Juu ya mfupa huo vimepangana vigae vigumu vya asili moja na kucha zetu, na chini yake ipo damu na mishipa ya fahamu. Ukiligusa, anasikia. Wako watu ambao hulitoboa kwa msumari wapate kupitisha kamba. Hao wajue kwamba wanatoboa mfupa wa kiumbe kilicho macho, ila tu hakina sauti ya kulia.

Hivi karibuni mama mmoja, jirani yangu, alinionyesha kobe wa mwanawe. Alikuwa kobe wa madoadoa, yule wa mbuga za nyasi za Afrika Mashariki na Kusini. Kwa miaka mitatu alikuwa akiishi ndani ya boksi chini ya ngazi, akila ugali, wali na mkate. Kila kigae cha mgongo wake kilikuwa kimeinuka kama kichuguu, na kingo za gamba zilibonyea kwa kidole.

"Kaka," akaniuliza, "nundu hizi ndiyo anakua?"

Nikamjibu: "Hapana, dada. Nundu hizi ndiyo habari ya boksi."

Msikilizaji, kobe mwenye afya hukua gamba lake likiwa la mviringo na laini kulipapasa. Zamani wafugaji wengi waliamini kwamba nundu husababishwa na chakula chenye protini nyingi. Lakini utafiti wa wataalamu wa Austria, uliochapishwa mwaka 2003, uliwaangalia kobe wachanga wa aina ya Kiafrika na kuonyesha kwamba ukavu wa mahali wanapolelewa ndio uliochangia zaidi kuliko protini. Huko porini, kitoto cha kobe hushinda kimejificha chini ya majani na mashina ya nyasi, ambako kuna unyevunyevu hata wakati wa kiangazi. Sisi tunakitoa huko na kukiweka kwenye kadibodi kavu, kisha tunashangaa mgongo unapoota vilima.

Kule kubonyea ni jambo jingine, na ni la hatari zaidi. Mfupa hujengwa kwa kalisi, na mwili hauwezi kuitumia kalisi hiyo vizuri bila vitamini D, ambayo kobe huitengeneza kwa mwanga wa jua. Akikosa jua na kalisi, mwili huanza kuchota kalisi kutoka katika mifupa yenyewe. Gamba hulegea, miguu hupinda, mwisho mnyama hushindwa kutembea. Wafugaji wa Ulaya hununua taa maalumu kufidia jua walilokosa. Sisi jua tumepewa bure, nasi tunamfungia kobe chini ya ngazi! Wala usidhani kumweka nyuma ya dirisha la kioo kunatosha. Kioo huzuia sehemu ile ya mwanga anayoihitaji.

Basi afanyiwe nini? Kobe wa madoadoa ni mla nyasi. Apewe nyasi na majani ya magugu ya namna mbalimbali, yasiyopigwa dawa. Hata dungusi kakati lililoondolewa miiba hulipenda. Mchicha si vibaya kwa siku moja moja, lakini usiwe chakula cha kila siku, kwa kuwa una asidi inayoishika kalisi isiufae mwili. Maganda ya mayai yaliyochemshwa na kusagwa, au ule mfupa mweupe wa dome unaookotwa ufukweni, humwongezea kalisi. Atoke juani asubuhi, lakini kivuli kiwepo karibu. Aliye mchanga aogeshwe mara kadhaa kwa wiki katika maji ya uvuguvugu yasiyofika shingoni, na apate pembe yenye udongo na majani yenye unyevu.

Nimesema unyevu, sikusema uchafu. Kobe anayelala juu ya sementi iliyolowa mkojo na kinyesi huoza gamba. Ukiona vishimo, majimaji au harufu mbaya, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Usimpake mafuta wala rangi. Na watoto wanawe mikono kwa sabuni kila wanapomshika, maana kobe anaweza kubeba vijidudu vya kuharisha bila yeye mwenyewe kuumwa.

Waswahili tunasema samaki mkunje angali mbichi. Nundu zikishaota hazirudi chini. Matunzo mema husaidia sehemu mpya ya gamba kukua sawa, lakini miaka ile mitatu ya boksi itabaki mgongoni maisha yake yote.

Hapo ndipo linapokuja swali kubwa kuliko chakula: kwa nini yuko kwetu? Hapa Tanzania, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kumkamata wala kumfuga mnyama wa porini bila kibali. Kenya nayo ina sheria yake ya mwaka 2013. Tena tunaye kobe chapati, aliye bapa na mwenye gamba linalonepa kwa maumbile yake, ili apenye katika nyufa za miamba. Huyo amewindwa mno kwa ajili ya wafugaji wa ng'ambo, hata mwaka 2019 mataifa yakakubaliana kumweka katika daraja la juu kabisa la wanyama wanaolindwa dhidi ya biashara.

Ikiwa unaye kobe aliyeokotwa porini, usikimbilie kumtupa kichakani. Anaweza kuwapelekea wenzake maradhi, au akafa kwa ugeni. Mwone afisa wanyamapori wa wilaya yako, naye atakuelekeza. Jirani yangu nilimshauri hivyohivyo, na mwanawe akalia sana. Sikumlaumu mtoto. Kobe yule aweza kuishi miaka 50 na zaidi. Mtoto atakwenda shule, ataoa, atahamia mji mwingine. Mnyama wa umri huo si mwanasesere wa kumnyamazisha mtoto kwa likizo moja.

Kwa leo naishia hapo. Tukutane wiki ijayo.