Imani Hurejeshwa kwa Sheria



Uchumi ulioanguka pamoja na ulimwengu mzima huinuliwa na nini? Tutazame Marekani, katika mdororo ulioanza mwaka 1929. Kufikia 1933, takriban mfanyakazi mmoja kati ya wanne hakuwa na kazi. Watu walikimbilia kutoa akiba zao, na mbio hizo zikaangusha hata benki zilizokuwa nzima.

Rais Franklin Roosevelt, punde baada ya kuapishwa Machi 1933, alizifunga benki zote. Tarehe 9 Bunge lilipitisha sheria; vitabu vya hesabu vikaanza kukaguliwa. Tarehe 12 Rais aliwaeleza wananchi redioni, kwa lugha nyepesi, kilichotendwa na sababu yake. Benki zilizothibitishwa zilipoanza kufunguliwa kesho yake, watu walipanga foleni kurudisha fedha zao. Sheria ya Juni ikaleta bima ya akiba, ili mnyonge asipoteze jasho lake kwa makosa ya wakubwa.

Dola nayo ilifunguliwa minyororo ya dhahabu, na kazi za umma zikawapa mamilioni ujira. Hata hivyo, serikali ilipobana matumizi mwaka 1937, ajira zilipungua tena.

Funzo ni hili: fedha hutoka mafichoni pale ukweli unaposemwa hadharani na sheria inapomlinda mdogo. Basi tusiridhike kuambiwa tuvumilie. Tuulize: nani amekagua vitabu, na akiba ya mjane inalindwa na sheria gani?