Mpiga Picha na Anayepigwa



Nimeombwa niseme machache juu ya kupiga picha, kwa kuwa kesho tutawapiga walimu wetu waliostaafu, na baadhi yao huenda tusiwapate tena.

Marehemu Seydou Keïta alifungua studio yake mjini Bamako, Mali, mwaka 1948. Kamera yake ilikuwa kubwa, vifaa vilikuwa ghali, hivyo kwa kawaida kila mteja alimpiga picha moja tu. Kazi yote ilifanyika kabla ya kubonyeza: kumweka mtu vizuri, kumgeuza bega, kumtengenezea mkono. Sisi wa mkanda wa picha 36 tulijifunza subira kama hiyo. Hapakuwa na cha kutazama ila mtu mwenyewe.

Kamera ya dijitali, na simu pia, huonyesha picha papo hapo. Faida yake siikatai. Lakini mpiga picha akishabonyeza huinamia kioo, na mzee aliyeketi mbele yake huachwa peke yake. Uso wake hukakamaa, kama zetu katika picha za vitambulisho!

Kamera nyingi zaweza kutegwa zisionyeshe picha kila ipigwapo, zitegeni hivyo. Mmoja akae kando amwulize mwalimu habari za darasa lake la kwanza. Akisahau kamera, pigeni. Mkitaka kutazama, tazameni pamoja naye. Kisha picha zisafishwe, kila mwalimu apelekewe nakala ya karatasi kabla ya mwisho wa mwezi.