Bei Kikomo Si Bei ya Lazima



Wapo wanaouliza: ikiwa biashara ya mafuta ni huria tangu mwaka 2000, kwa nini Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) hutangaza bei kila mwezi?

Bei hiyo ni kikomo. Hukokotolewa kwa kuzingatia bei ya soko la dunia, thamani ya shilingi, kodi na gharama za usafirishaji. Muuzaji haruhusiwi kuivuka, lakini anaweza kuuza chini yake. Hapo ndipo ushindani unapoanza.

Hata hivyo, ushindani hauna maana iwapo mnunuzi hachagui. Ajazaye mafuta bila kutazama bango huenda akalipa bei ya juu kabisa, ilhali kituo cha jirani kinauza kwa nafuu. Kwa dereva wa bodaboda, tofauti hiyo ya kila siku ni fedha ya mboga nyumbani.

Basi, someni bango kabla ya kununua, na mdai stakabadhi inayoonesha jina la kituo, tarehe, aina ya mafuta na bei kwa lita. Mnunuzi akitozwa zaidi ya kikomo, stakabadhi hiyo ndiyo ushahidi wake. Asiyeidai hana la kuionesha Mamlaka.