Fundisho kwa Wamama: Mtoto wa Masomo na Vitu vya Kulewesha

Leo ni siku ya kupima kilo, na kila mmoja wenu ana mtoto mgongoni. Lakini fundisho la leo si juu ya huyu wa mgongoni. Ni juu ya kaka yake na dada yake, wale mliowatuma masomo asubuhi hii.

Mama mmoja alikuja hapa na kijana wake wa miaka 15. Akasema: "Munganga, mutoto wangu iko na malaria. Analala sana, hata mu kalasi analala." Tulipima damu, malaria hakuna. Mama alipotoka kunyonyesha mdogo, kijana akatuambia kweli: ni tramadol. Walivinunua vinini na wenzake njiani, wakavinywa na sukre.

Tramadol ni dawa. Hospitali inaitoa juu ya maumivu makali, kama kwa mtu aliyepasuliwa. Lakini mtoto akinywa nyingi anaweza kutetemeka kama mwenye kifafa, na pumzi yake kupungua mpaka kusimama. Akichanganya na pombe, hatari inazidi. Na mwili unazoea: kinini kimoja hakitoshi tena, anatafuta viwili, kisha vitatu. Bangi nayo inapunguza ukumbusho, na ubongo wa mtu unaendelea kukua mpaka karibu miaka 25. Mtoto anayevuta saa hii, hesabu ya mwalimu haikai kichwani.

Sasa nisemeshe neno gumu, musinikasirikie. Kanyanga inatoka wapi? Wengine wetu, hapa Kadutu na Bagira, tunaiuza nyumbani, na ni hiyo inayolipa minervali. Ninajua, kwani maisha ni magumu. Lakini nani anabeba bido? Nani anaonja kama ni kali? Ni yule mtoto. Tena pombe iliyopikwa vibaya au kuchanganywa inaweza kuwa na metanoli, sumu inayopofusha macho na kuua. Kama hauna kazi ingine leo, basi usimtume mtoto kuipima wala kuiuza. Anza hapo.

Angalieni wenyewe: franka zinapotea nyumbani, macho mekundu, rafiki wapya asiotaka muwaone, usingizi wa mchana, pointi zinazoshuka. Moja peke yake si ushuhuda, kwani hata njaa inalaza mtoto kalasini. Muulize mkiwa wawili tu, pengine mnapochambua sombe. Usianze na fimbo. Na usimfukuze, tafazali: akifukuzwa atalala kwa wale wanaomuuzia. Kisha mwone mwalimu wake polepole, si mbele ya kalasi yote.

Ukimkuta amelewa na haamki, mlaze kwa ubavu, asizibwe na matapiko. Usimpe maziwa, usimpe mafuta, usimmwagie maji. Mlete mbio hata usiku, pamoja na karatasi ya vinini au chupa. Hatutauliza habari za polisi, tunataka kujua alikunywa nini tu.

Yule mama alirudi kupima mtoto wake mdogo. Nikamuuliza juu ya kijana. Akasema: "Hajaacha kabisa, munganga. Lakini sasa ananiambia siku anakunywa." Nikamwambia amlete tena siku ya ine, na yeye mwenyewe aketi naye.