Uliza Kwanza Wenzako Wana Kamera Gani

Leo nazungumza na vijana wanaopiga picha kwa mapenzi tu, si kwa kutafuta riziki, hasa wale wanaochangishana ili waende pamoja kupiga kambi. Kila msimu nawasikia wakibishania jambo lile lile: kamera ipi ni bora, lenzi ipi ina nguvu. Mwisho wa mabishano kila mmoja hununua kivyake, pesa zinaisha, safari inasogezwa mwakani. Linaniuma jambo hili, kwa sababu kamera isiyotoka nyumbani haimfundishi mtu chochote.

Msimamo wangu ni huu. Kikundi kinachosafiri pamoja kichague vifaa pamoja, na pesa itakayookolewa iende kulipia usiku mmoja zaidi kambini.

Chukua mfano wa Kitulo. Hifadhi hii ya taifa ilianzishwa mwaka 2005, iko Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, kwenye uwanda ulio mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari. Wenyeji wanauita Bustani ya Mungu. Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA, linahesabu huko aina 350 za mimea, na kati ya hizo okidi zinazoota ardhini ni aina 45. Maua hushamiri kuanzia Desemba hadi Aprili. Nimeichagua Kitulo kwa makusudi. Picha za simba na chui zimewaaminisha vijana wengi kwamba bila lenzi ndefu ya bei ya pikipiki hakuna picha. Kitulo watu huenda kutembea kwa miguu, na ua halikimbii. Unapiga magoti mbele yake, unalitazama hadi ulielewe. Ile lenzi ndogo ya milimita 18 hadi 55 inayouzwa pamoja na kamera, ambayo wengi wanaidharau, inaweza kulenga kitu kilicho umbali wa rula ya shule. Kwa okidi, huo ni mwanzo mzuri sana. Na aliye na simu tu naye asibaki nyumbani.

Sasa, kamera gani? Ile waliyo nayo wenzako. Lenzi ya Canon haifungiki kwenye kamera ya Nikon, na hata ndani ya kampuni moja kuna mitego. Canon walianza kutengeneza kamera za mdomo (sehemu lenzi inapofungwa) wa EF mwaka 1987. Mwaka 2018 wakaleta mdomo mpya, RF. Lenzi ya EF utaifunga kwenye kamera mpya kwa adapta, lakini lenzi ya RF haikubali kabisa kamera ya zamani. Nikon nao wana mdomo wa F wa tangu mwaka 1959, halafu wakaja na Z mwaka huo huo wa 2018. Makampuni yalipohamia kwenye midomo hiyo mipya, kamera za midomo ya zamani, zile zinazoitwa DSLR, na lenzi zake zikashuka bei madukani mwa mtumba. Kwa anayeanza, hiyo ni neema. Picha nzuri iliyopigwa kwa kamera hizo miaka kumi iliyopita bado ni nzuri leo.

Ukiwa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Unguja, lenzi ya mtumba ikague kwa makini. Unyevu wa pwani huotesha kuvu ndani ya vioo. Washa tochi ya simu, imulike lenzi kwa nyuma, uchungulie kwa mbele. Ukiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui, irudishe kwa muuzaji hata kama bei inakuvuta.

Sasa tuseme ni watu sita wenye kamera za mdomo mmoja. Lenzi ya kupigia vitu vidogo kwa karibu, yaani makro, inatosha moja tu, wakapokezana. Lenzi ndefu moja, kwa ajili ya ndege aitwaye tandawala anayetembea kwenye nyasi za uwandani. Stendi mbili. Betri zikiwa za aina moja, chaja nazo zinapungua. Na kama hata hiyo makro haipatikani, kuna pete zisizo na kioo zinazofungwa kati ya kamera na lenzi. Zinaisogeza lenzi mbele kidogo, nayo inaanza kulenga kwa karibu zaidi. Kwa kuwa hazina kioo, bei yake ni ndogo. Mwenye kumiliki kifaa asiogope kukitoa. Kikundi kiandike mapema kwamba kikiharibika wote watachanga. Makubaliano hayo yafanyike mezani, watu wakiwa wamekaa na kutulia, maana yakiachwa hadi kifaa kivunjike, urafiki nao unaingia majaribuni.

Kuna kazi nyingine za kikundi ambazo haziuzwi dukani. Uwandani kule upepo hauachi maua yatulie. Mmoja akishika mwamvuli upande unaotoka upepo, ua linasimama. Mwingine akitandaza kitambaa cheupe upande wenye kivuli, mwanga unarudi kwenye petali. Mpiga picha aliye peke yake hana mikono hiyo, hata awe na kamera ya mamilioni.

Baridi ya Kitulo naomba msiichukulie kwa mzaha. Usiku betri zinapoa na kuisha haraka kuliko mlivyozoea, kwa hiyo zilale nanyi ndani ya mifuko ya kulalia. Umeme wa kutegemea kambini haupo. Beba pawabenki zilizojazwa, na chaja ya kuchomeka kwenye gari. Asubuhi, ukiitoa kamera kwenye baridi na kuiingiza garini mlimo na joto, unyevu unatanda kwenye lenzi na hata ndani yake. Iweke kwanza kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana, ikiwa bado nje, kisha iingie garini ikiwa humo hadi ipate joto polepole. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania tangu Juni 1, 2019, basi vyombo vya mfuniko ndivyo vya kwenda navyo, na mkishuka nyumbani vinarudi jikoni.

Tukifika jikoni, hapo ndipo safari nyingi za picha zinapoharibika, na sisikii watu wakilizungumzia jambo hilo. Kwenye urefu ule maji huchemka kwenye nyuzijoto 91 hivi, si 100. Maana yake maharage mnayoyaivisha nyumbani kwa muda mnaoujua, kule yatawaweka jikoni nusu siku. Yachemsheni kabisa kabla ya kuondoka, au bebeni sufuria ya presha. Mtungi mdogo wa gesi, si kuni za kukata porini.

Na ratiba ya chakula ifuate mwanga. Mwezi Februari jua la kule hutoka kabla kidogo ya saa moja asubuhi, na kwetu karibu na ikweta hupanda haraka. Ule mwanga laini wa pembeni hauwangojei mkaange mayai. Chai ichemshwe usiku na kuwekwa kwenye chupa. Alfajiri kila mtu anywe kikombe kimoja na andazi, watoke. Kifungua kinywa chenyewe kiwe saa nne, jua likiwa limeshakuwa kali. Ukungu ukitanda, msirudi hemani kulalamika. Ukungu hulainisha mwanga, huondoa vivuli vikali, na rangi za maua hutoka kwa utulivu ambao jua la saa sita haliwezi kuwapa. Hii ndiyo sababu ya kudai usiku wa ziada. Anayelala usiku mmoja ana asubuhi moja tu, na asubuhi moja inaweza kumezwa yote na mvua. Mwenye asubuhi tatu atapata walau moja ya kufaa, na kwa kuwa ameshalizoea eneo, atajua asimame wapi.

Mvua inayoleta maua ndiyo hiyo hiyo inayoharibu njia. Kutoka Chimala, kwenye barabara kuu ya Mbeya, mnapanda mlima kwa kona kali hadi Matamba, yaliko makao makuu ya hifadhi, na utelezi wa kule unataka gari linalovuta magurudumu yote manne, na dereva anayeijua njia. Kiingilio na ada ya kambi ni malipo mawili tofauti. Waulizeni hifadhi viwango vya mwaka huo kabla hamjapanga michango. Ndege zisizo na rubani ziacheni nyumbani, maana hazirushwi hifadhini bila kibali. Mkiwa maeneoni fuateni mwongozaji na njia zilizopo, msilale juu ya maua kutafuta pembe nzuri, na okidi isichimbwe wala kuchumwa. Mizizi ya okidi, ile inayopikwa chakula kiitwacho chikanda, ilichimbwa kwa wingi na kuvushwa kwenda kuuzwa Zambia, na kuikomesha biashara hiyo ni moja ya sababu za uwanda ule kulindwa.

Kikundi kinachotaka kuondoka Februari kikutane mwezi huu. Kila mtu aje na alichonacho: kamera, simu, stendi, hema, sufuria. Mviweke vyote sakafuni mvitazame, muandike kinachokosekana kwa wote, na kabla mtu yeyote hajakwenda dukani, tengeni kwanza pesa ya gari, ya kiingilio, na ya kambi kwa siku zote. Kitakachobaki ndicho cha lenzi.