MANENO MAKUBWA YA KIINGEREZA
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wafanya kazi wa Elwak)



Reli haijafika Elwak, na huenda mnajiuliza watu wa reli tumefuata nini huku mpakani. Tumefuata maneno. Barua apewayo mtu wa reli Mombasa na ile apewayo kibarua wa barabara hapa kwenu ni za Kiingereza kile kile. Na wengi wetu, tuliosoma madarasa ya chini katika shule za misheni, tulifundishwa majina ya ndege na maua. Kiingereza cha afisi hatukufundishwa.

Tuchukue neno "summary". Shuleni maana yake ni muhtasari, habari iliyofupishwa. Basi mtu akipata barua ya "summary dismissal" hudhani ameambiwa apumzike kidogo, kisha arudi. La! Maana yake ni kufukuzwa papo hapo, pasipo notisi au kwa notisi iliyopunguzwa. Lakini hata huyo sheria haikumtupa: lazima asikilizwe kwanza, na alipwe haki yake yote mpaka siku ile.

"Termination" ni jingine. Garimoshi likifika stesheni ya mwisho husemwa neno hilo hilo, wala halikukosa kitu. Mtu alipwaye kwa mwezi hupewa notisi ya siku 28 kwa maandishi. Achanganyaye maneno haya mawili huenda zake bila kuidai.

"Redundancy" ndilo gumu kupita yote. Asili yake ni Kilatini, maji yanayofurika. Ninyi wa Elwak, ambao mji wenu jina lake ni visima vya Mungu, mtacheka mkisikia kwamba maji huzidi! Mwajiri anasema watu wamezidi kazi. Mfanya kazi hana kosa. Kwa hiyo Sheria ya Ajira ya 2007 yataka chama na afisa wa kazi waarifiwe si chini ya mwezi mmoja kabla, na mtu alipwe si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka mzima aliotumikia. Miaka 8 ni siku 120. Fedha hizo zote zimo ndani ya neno moja.

Na "casual"? Kamusi itakwambia ni nguo za kutembelea. Katika sheria ni kibarua wa kutwa, alipwaye siku ikiisha. Lakini siku zake za kazi mfululizo zikitimia mwezi, sheria humhesabu kuwa mtu wa mshahara wa mwezi, mwenye haki ya notisi.

Hatusemi mjifunze maneno ili kujivuna barazani. Watu hao tunao wa kutosha. Shika daftari. Neno moja kwa juma, litoke katika karatasi uliyo nayo mkononi, na maana yake uiandike kwa Kiswahili, kisha kwa Kisomali au Kiborana.

Sheria hiyo hiyo yasema asiyefahamu lugha ya mkataba aelezwe kwa lugha aifahamuye. Tena kabla ya kuachishwa kwa kosa aelezwe sababu kwa lugha hiyo, mwenzake au mjumbe wa chama akiwapo. Basi kusema "sielewi" si aibu. Usitie sahihi wala kidole gumba kabla ya kuelezwa.

Aliyekuja na barua leo aitoe. Tutaanza na zile ambazo notisi yake i karibu kwisha.